Mguu wa nyuma wa Jawaan Taylor: uchambuzi wa mkao mmoja katika safu ya Kansas City

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2023, katika uwanja wa Arrowhead mjini Kansas City, jimbo la Missouri, mabingwa watetezi wa futiboli ya Kimarekani, Kansas City Chiefs, walifungwa na Detroit Lions kwa alama 21 kwa 20. Ulikuwa mchezo wa kufungua msimu, na kulikuwa na mengi ya kuzungumza, lakini sehemu kubwa ya mjadala ilihamia kwenye miguu ya mtu mmoja: Jawaan Taylor, mlinzi wa pembeni wa kulia katika safu ya mbele ya Chiefs. Aliyeangalia picha za televisheni kutoka upande aliweza kuona mambo mawili yaliyolalamikiwa, kwamba Taylor alikuwa amesimama nyuma mno kuliko wenzake wa safu, na kwamba mara nyingine mguu wake wa kulia ulionekana kuondoka kabla mpira haujatolewa.

Wengi walilichukulia suala hili kama la uaminifu, yaani kama mchezaji anaiba au haibi. Mimi, ambaye jioni zangu nyingi huishia kwenye nyasi nikiwafundisha vijana wa safu ya mbele, naliona kwanza kama suala la uchaguzi wa mkao, na nitalichambua hivyo. Mkao wa Taylor ulichaguliwa kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Una faida kubwa, na una gharama ambayo haionekani mpaka mtu ashike kamba na kupima.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu si wa nyumbani kwake, safu ya mbele ya ushambuliaji ina watu watano. Katikati yuko senta, anayeutoa mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake. Kila upande wake yuko gadi. Na nje ya kila gadi yuko mlinzi wa pembeni. Hawa watano hawagusi mpira isipokuwa senta, na kazi yao ni mbili tu: kumfungulia njia anayekimbia na mpira, na kumjengea kwotabeki, yaani anayeupokea mpira kutoka kwa senta na kuurusha, boma la kusimama ndani yake wakati anatafuta wa kumpasia. Mlinzi wa pembeni ndiye mwenye kazi ya upweke zaidi, kwa kuwa gadi ana jirani pande zote mbili ilhali yeye upande wake wa nje ni uwanja mtupu, na katika uwanja huo mtupu ndiko anakosimama mvamizi, mchezaji wa timu pinzani anayetaka kumwangusha kwotabeki, mwepesi kuliko yeye. Usiku ule mvamizi wa upande wa Taylor alikuwa mara nyingi Aidan Hutchinson, kijana aliyechaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia ligi mwaka 2022.

Mikao ya kuanzia ni mitatu. Kuna mkao wa mikono miwili chini, ambapo mtu huinama kama anayetaka kutambaa na kuuweka uzito wake wote mbele. Huu utauona karibu na mstari wa goli, au katika timu zinazoishi kwa kukimbia kama zile za jeshi la nchi kavu na la majini katika vyuo vya Marekani. Kuna mkao wa mkono mmoja chini, ambao kwa miongo mingi ndio uliokuwa alama ya mchezo wenyewe: miguu imeachana kwa upana wa mabega au zaidi kidogo, mguu mmoja umerudi nyuma ya mwingine, mgongo umelala kama meza, shingo imeinuliwa ili macho yaone mbele. Na kuna mkao wa wima, ambapo mchezaji hukunja magoti, huweka mikono juu ya mapaja au mbele ya kifua, na hagusi nyasi hata kidogo.

Mkao wa wima ulienea kadiri mchezo ulivyohamia kwenye pasi. Makocha wa vyuo waliopenda kutupa mpira karibu kila mara, Hal Mumme na Mike Leach wakiwa mashuhuri kati yao, waliwaacha watu wao wa safu wasimame wima na wakawatenganisha kwa nafasi kubwa, na vijana waliokulia katika mchezo wa namna hiyo walipofika ligi kuu walifika na mazoea yao. Siku hizi si ajabu kuona walinzi wote wawili wa pembeni wakiwa wima huku gadi wakiwa na mkono chini.

Taylor alifika Kansas City mnamo Machi 2023 akitokea Jacksonville Jaguars, kwa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 80. Mwanzoni ilisemekana angecheza kushoto, lakini timu ilipomsajili Donovan Smith kwa upande huo, Taylor akabaki kulia alikozoea. Hili si jambo dogo. Mkao wa kushoto na wa kulia ni kama mtu na kioo chake: mguu unaorudi nyuma hubadilika, nyonga inayofunguka hubadilika, na mwili wa kilo 140 na zaidi haujifunzi upya kwa wiki mbili. Kumwacha pale mwili wake ulipokuwa umeshazoea ulikuwa uamuzi mzuri.

Sasa tuangalie sababu za kumsimamisha wima. Kwotabeki wa Chiefs, Patrick Mahomes, ana tabia ya kurudi nyuma zaidi ya wengi kabla ya kupasia, na kadiri kwotabeki anavyorudi ndivyo mvamizi wa pembeni anavyopata njia pana na nyoofu ya kumfikia, kwa sababu hahitaji tena kukata kona kali. Chora akilini pembetatu yenye mvamizi, mlinzi wa pembeni na kwotabeki. Mvamizi anakimbia mbele kwa nguvu zake zote. Mlinzi anakimbia kinyumenyume, tena kwa kuteleza, na bado anatakiwa afike kwanza mahali ambapo njia zao zinakutana. Anayeanza na mkono chini ana kazi ya ziada, kwani lazima kwanza aunyanyue mkono, ainue kifua, aurudishe uzito kwenye visigino, ndipo hatua ya kwanza ya kurudi ianze. Anayeanza wima ameshayafanya hayo yote kabla mpira haujatoka. Zaidi ya hapo, aliye wima anaona mbali, anaweza kumwonyesha gadi kwa kidole kwamba kuna mtu wa nyuma anajiandaa kuvamia, na kanuni inamruhusu kujipanga upya mradi atulie sekunde nzima kabla mpira haujatolewa; ilhali mchezaji wa ndani wa safu ambaye ameshauweka mkono chini akiunyanyua tu, amehesabiwa kuwa ameanza kabla ya wakati na timu inapoteza yadi 5.

Kwa hiyo hadi hapa mkao wa Taylor hauna kosa. Mvamizi ni mwepesi, kwotabeki anarudi mbali, timu inapasia sana, na mtu mwenyewe miguu yake ni ya haraka kupita kawaida kwa umbo lake. Mimi pia ningemsimamisha wima.

Tatizo linaanzia kwenye kanuni ya mstari, na hapa naomba msomaji avumilie kipimo kidogo, maana kisa chote kimelala humo. Timu inayoshambulia lazima iwe na wachezaji wasiopungua saba juu ya mstari wa kuanzia, yaani mstari wa kufikirika unaopita penye mpira. Kwa NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani, mchezaji ambaye si senta huhesabiwa kuwa yupo juu ya mstari ikiwa kofia yake ya chuma imevuka ukuta wa kufikirika unaosimama wima kupitia mkanda wa kiunoni wa senta. Kanuni haisemi miguu. Inasema kofia. Wala haipimi kutoka kwenye mpira, inapima kutoka kwenye kiuno cha senta.

Weka watu wawili wenye kimo kimoja, vidole vyao vya mguu wa mbele vikiwa kwenye mstari uleule mmoja. Wa kwanza anainama na kuweka mkono chini: kichwa chake kinatangulia mbele ya vidole vyake. Wa pili anakaa wima, magoti yamekunjwa: kichwa chake kiko juu ya magoti, na akijiegemeza nyuma kidogo kiko juu ya nyonga. Nimewapima vijana wangu kwa namna hii, na tofauti ya kofia na kofia hukaribia dhiraa moja, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa hiyo ndiyo gharama ya mkao wa wima. Anayenyanyuka kutoka mkono chini akaacha miguu yake palepale ilipokuwa, ameirudisha kofia yake nyuma ya kiuno cha senta bila kusogea hata hatua moja, na bado atakuapia kwamba yupo mahali pake pa siku zote. Aliyechagua kusimama wima amechagua papo hapo kuisogeza miguu yake mbele. Huwezi kuuchukua mkao bila kuuchukua na mguu wake.

Mlinzi wa pembeni hataki kusogea mbele, na sababu yake inaeleweka. Kila shibiri anayosogea mbele ni shibiri anayompa mvamizi. Kwa hiyo kishawishi ni kuchukua faida zote mbili, wepesi wa kuwa wima na umbali wa kuwa nyuma, na safu nzima ikaanza kupinda kama upinde, senta akiwa ncha ya mbele na walinzi wa pembeni wakiwa wamerudi nyuma pande zote mbili. Waamuzi walikuwa wameuvumilia upinde huo kwa muda mrefu, kwa Taylor na kwa wengine wengi. Ndiyo maana siwezi kumwita mwizi. Aliishi katika nafasi ambayo ligi yenyewe ilikuwa imeiacha wazi.

Kwa vijana mimi hutumia kamba ya katani. Mwenzangu anashika ncha moja upande wa kulia, mimi nyingine kushoto, tunaivuta ipite usawa wa mkanda wa senta akiwa ameshainama kwenye mpira. Jioni moja kijana mmoja mrefu, mwenye bidii sana, alichukua mkao wake wa wima, akageuza shingo na kuniuliza, "Kocha, kwani nimerudi nyuma?" Nikamwambia, "Usiniulize mimi, mwanangu. Angalia kamba." Kamba ilikuwa mbele ya uso wake, mbali kiasi cha kupitisha kiganja kati ya kamba na chuma cha kofia. Akasogeza mguu wa mbele, chuma kikaigusa kamba, na papo hapo nikaona jambo la pili: kwa kuogopa kuupoteza umbali wake, alikuwa ameurudisha mguu wa nyuma zaidi, mpaka nyonga zake zikatazama nje ya uwanja badala ya kutazama mbele.

Hilo la pili ndilo jambo ambalo mjadala wa Kansas City uliligusa kwa haraka mno. Mguu wa nyuma uliorudi mbali humpa mlinzi mwanzo mzuri kuelekea nje, na wakati huohuo humfungulia mvamizi mlango wa ndani. Nyonga zikishatazama nje, mvamizi akikanyaga mara moja nje na kukata ndani, mlinzi hana mguu wa kumzuia. Kilichobaki ni mikono, na mikono inayomfuata mtu aliyekwisha kupita hushika, na kushika ni adhabu ya yadi 10. Vilevile kwenye mchezo wa kukimbia na mpira, mtu huyo lazima aulete kwanza mguu wa mbali ndipo aanze kusukuma, na kwa kuwa ameanza juu, yule wa mbele yake anayetokea chini humwingia chini ya mabega. Katika safu ya mbele aliye chini ndiye mwenye nguvu, hata kama ni mwepesi kwa kilo 20.

Na kuhusu kuanza kabla ya wakati: mkao wa wima wenye mguu wa nyuma uliorudi sana huweka uzito wote kwenye mguu wa mbele, tayari kuusukuma mwili nyuma. Mwili uliokazwa namna hiyo ni kama mshale uliokwisha vutwa. Mtu anasikiliza hesabu ya kwotabeki, au ugenini kwenye kelele anautazama mpira kwa pembe ya jicho, na kila sehemu ya sekunde anayosubiri inamuuma pajani. Taylor alijua kukadiria mpira utatoka lini, na kwa kweli hicho ni kipaji. Lakini mkao wake haukuwa na nafasi yoyote ya kusamehe makosa ya makadirio. Ungekuwa mkao mfupi zaidi, uzito umegawanyika karibu sawasawa, hata akishtuka mwili ungetikisika tu ndani ya goti. Kwa mkao ule, kushtuka kulikuwa ni kuondoka.

Siku kumi baadaye, tarehe 17 Septemba, Chiefs walikwenda Jacksonville, kwenye uwanja wa timu yake ya zamani. Walishinda kwa alama 17 kwa 9, lakini Taylor alitupiwa vitambaa vya njano, alama ya waamuzi ya adhabu, mara tano, na katikati ya mchezo makocha walimtoa nje kwa muda. Sidhani kwamba alicheza vibaya kuliko juma lililotangulia. Waamuzi sasa walikuwa wanamtazama yeye, na mtu anayetazamwa miguu huanza kuifikiria miguu, na mlinzi wa pembeni anayefikiria miguu yake mpira ukiwa unatoka ameshachelewa.

Makocha walikuwa na njia gani siku hizo kumi? Ya kwanza ni kumrudisha kwenye mkono chini kila mara. Kichwa kingetangulia, kanuni ya mstari ingetimia yenyewe, na mchezo wa kukimbia ungenufaika. Lakini unamwambia mtu aliyelipwa kwa ajili ya kuzuia pasi aanze kila pasi akiwa amechelewa, mbele ya kwotabeki anayerudi mbali. Naikataa, ingawa najua makocha wa kizamani wangeipenda.

Njia ya pili ni kuchanganya: mkono chini kwa kukimbia, wima kwa pasi. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa maana inautangaza mchezo kabla haujachezwa. Wavamizi wazuri husoma hata kidogo zaidi ya hapo. Aliyeweka mkono chini kwa ajili ya kukimbia huuegemea, na vifundo vya vidole vyake hugeuka rangi kwa kubanwa na uzito; anayejiandaa kurudi huuweka mkono uleule kwa kugusa tu, vifundo vimelegea, nyonga zimeshuka. Nimewahi kumlaza kijana wangu chini mbele ya mwenzake ili avitazame vifundo tu, bila kuangalia kitu kingine, na katika majaribio kumi alikosea mara moja. Mchezaji mmoja awe na mikao miwili ikiwa tu kila mkao unatumika kwa pasi na kwa mbio pia, na hilo linahitaji mazoezi ya miezi.

Njia ninayoiona kuwa ndiyo ilikuwa na maumivu kidogo: aendelee kuwa wima, lakini mguu wa mbele usogee mpaka kofia ivuke kiuno cha senta bila ubishi, na mguu wa nyuma urudishwe karibu, vidole vyake vikiwa usawa wa kisigino cha mguu wa mbele na si zaidi. Umbali anaoupoteza alipwe kwa njia nyingine. Mshika pasi wa pembeni asimame karibu naye na kumgonga mvamizi begani kabla ya kukimbia njia yake. Mkimbiaji wa nyuma apite upande ule. Na katika pasi chache za mapema kila robo, Mahomes aombwe apande ndani ya boma badala ya kurudi. Senta naye ana la kufanya. Kwa kuwa kipimo chote kinatoka kwenye kiuno chake, senta anayeketi chini na kurudisha nyonga nyuma huwapa nafasi wenzake wanne, na anayeunyosha mwili juu ya mpira huwanyang'anya. Mkao wa mlinzi wa pembeni huanzia kwa mtu aliye umbali wa hatua mbili kutoka kwake, na kocha anayemkaripia mlinzi bila kumtazama senta anakaripia nusu ya kosa.

Niwaambie pia wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, ambao wana wao wakubwa wa mwili huitwa kwenye safu ya mbele siku ya kwanza tu wanapofika uwanjani: mkao ni suala la kichwa pia, kwa maana ya afya. Anayeanza na mkono chini huanza kichwa kikiwa mbele, na mara nyingi ndicho kinachofika kwanza. Mwaka 2019 Pop Warner, shirika kubwa la ligi za watoto, liliuondoa mkao wa mkono chini katika madaraja yake ya wadogo kabisa kwa sababu hiyo. Kwa mtoto wa miaka minane sioni hoja ya kupinga. Ajifunze kukunja magoti kwanza.

Taylor hakuporomoka, na uchambuzi ungekuwa wa uongo kama ungeishia Jacksonville. Alirudi kwenye nafasi yake, akaendelea kuadhibiwa mara kwa mara, na tarehe 11 Februari 2024 alikuwa kwenye safu iliyoishinda San Francisco 49ers kwa 25 kwa 22 katika muda wa ziada wa Super Bowl, fainali ya ligi, mjini Las Vegas. Timu ilikuwa imekokotoa kwamba yadi 5 za hapa na pale ni nafuu kuliko Mahomes kuangushwa chini, na hesabu hiyo, kwa mtu wa kiwango chake, haikuwa ya kipuuzi. Kwa kijana wa sekondari ni ya kipuuzi kabisa, kwa kuwa kwotabeki wake hawezi kuzirudisha hizo yadi.

Kisha ligi ikaufunga mlango. Msimu wa 2024 waamuzi walielekezwa kuupima mpangilio wa safu kwa ukali, na tarehe 5 Septemba, kwenye nyasi zilezile za Arrowhead, Baltimore Ravens walianza mchezo wakiadhibiwa mara kwa mara kwa mpangilio usiokubalika, zaidi ya wote mlinzi wao wa pembeni wa kushoto, Ronnie Stanley, aliyekuwa amesimama pale ambapo walinzi wengi walisimama mwaka mmoja kabla bila mtu kusema neno. Juma hilohilo nilinunua kamba mpya, ndefu kiasi cha kuwafikia walinzi wote wawili kwa mvuto mmoja.